Laini si ya mwenye gari

Bandugu, vijana wenzetu wa Uvira, wa Kiliba, wa Sange mpaka Makobola,

Leo hatukuja kulalamikia mashimo ya barabara. Hayo kila mtu anayajua kwa mgongo wake. Tumekuja kusema juu ya majina.

OpenStreetMap, ile ramani ya bure ambayo tangu 2004 mtu yeyote anaweza kuichora, inauliza mambo mawili juu ya kila laini ya gari. Laini ni ya mtandao gani? Hapo unajaza network. Nani anaiendesha? Hapo ni operator. Wengi wetu tuko tunajaza jina lilelile mara mbili, tunapita.

Angalieni Dar es Salaam. Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria mwaka 2016. DART ni wakala wa serikali, ndiye mwenye mfumo. UDART ni kampuni iliyoingia na mabasi na madereva. Kesho akija mwendeshaji mwingine, vituo vinabaki, njia inabaki, kinabadilika kisanduku kimoja tu. Aliyeandika UDART kila mahali atakesha anafuta.

Sasa kwetu. Toka Kavimvira mpakani mpaka bandari ya Kalundu, na ile barabara ya kitaifa namba 5 inavyoshuka Makobola, Swima, Mboko hadi Baraka, iko hivi: gari ni ya mama fulani, shofere anamletea pesa ya siku kila jioni, chama cha madereva kinapanga zamu kwenye parkingi. Operator ni nani? Si chama, chama hakina hata gurudumu moja. Wala si maneno yaliyopakwa kwenye kioo cha nyuma, la sivyo ramani itajaa makampuni yanayoitwa Mungu Mwema. Na kama hakuna mtandao wenye jina, acha kisanduku cha network kitupu. Kitupu si aibu. Kudanganya ndiyo aibu.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu boti ikizama ziwani, au gari ikianguka kule Ngomo, familia zinauliza: nani alipakia watu kupita kiasi? Chama kinasema gari si letu. Mwenye gari anasema zamu alipanga chama. Mkubwa wa ofisi anasema hajui laini hiyo. Watatu hao wanajificha ndani ya jina moja, na sisi wenyewe tukichora ramani ovyo tunawasaidia kujificha. Hata nauli ikipanda usiku mmoja, hujui umdai nani.

Ramani haitafunga mtu, tunajua. Lakini ukifika ofisini na karatasi inayotenganisha nani anapanga na nani anaendesha, hawakurudishi nyumbani na "hatujui".

Jumamosi tunaanzia parkingi ya Kavimvira, saa mbili asubuhi. Kuja na simu yenye moto na daftari. Kila shofere muulizeni maswali mawili, kila moja peke yake: gari ni ya nani, na zamu inapangwa na nani. Jina lake na namba yake ya simu visiingie kwenye ramani. Hivyo ni vyake.