KAMANDA, UNAUJUA MPAKA WA KIJIJI CHAKO?

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama, Tukuyu. Wengi mliomba niiandike, nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)



Naona mvua imetulia kidogo. Ya Tukuyu tunaijua, kwa hiyo niongee haraka kabla haijaanza kupiga bati tukashindwa kusikilizana.

Nimeombwa nizungumzie masomo ya chuo kikuu, hasa haya ninayosoma mimi. Nikisema nasoma GIS, nusu ya watu wanadhani ni mambo ya kompyuta tu, nusu nyingine wanadhani ni kupima viwanja. Bibi yangu yeye anawaambia majirani mjukuu wake anasomea kuchora milima. Wote wamegusa kipande cha ukweli.

GIS ni Mfumo wa Taarifa za Kijiografia. Kwa lugha ya kijiweni: kila kitu duniani kipo mahali. Zahanati ipo mahali, kisima kipo mahali, shamba la chai, kituo cha kupigia kura, mtoto anayetembea kwenda shule, vyote vina mahali. Sisi tunachukua hayo mahali, tunayaweka kwenye kompyuta kwa matabaka, barabara juu ya mito, mito juu ya vijiji, vijiji juu ya idadi ya watu, halafu tunauliza maswali. Kijiji gani kiko mbali zaidi na zahanati? Barabara gani mvua ikinyesha inakatika? Nani amepelekewa maji mara mbili wakati jirani yake hajapata hata mara moja? Kompyuta haina chama. Ukiipa taarifa sahihi, inakujibu.

Mimi nipo Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Ukipanda daladala unashuka kituo kinachoitwa Survey. Chuo kile kilianza miaka ya 1950 kama shule ya kufundisha wapimaji, kikawa taasisi, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Pale utakuta jiomatiki, yaani upimaji wenyewe, utakuta GIS pamoja na kusoma picha za satelaiti, utakuta mipango miji, utakuta uthamini wa ardhi. Kama ulisoma PCM, PGM au EGM, chukua kitabu cha mwongozo cha TCU ukaangalie vigezo. Na kama ulifika kidato cha nne tu, usikate tamaa, kuna Chuo cha Ardhi Morogoro na Chuo cha Ardhi Tabora kwa ngazi za chini ya shahada. Nina rafiki alianzia huko na darasani anatufundisha sisi tuliotoka kidato cha sita.

Sitawadanganya kwamba ni mteremko. Hisabati ipo, tena ya kutosha. Kuna wiki bumu halijaingia, bando limekwisha, na kazi ya mwalimu inataka upakue picha kubwa za satelaiti. Unajifunza kulala mchana na kufanya kazi usiku kwenye intaneti ya chuo. Lakini sikuja kuwaeleza shida za chuo, kila mtu ana zake. Nimekuja kuwasimulia kosa langu.

Nikiwa mwaka wa pili nilirudi likizo hapa Rungwe. Kijiji cha kwetu kinapakana na eneo la taasisi moja, siitaji jina, na mtaona mwishoni kwa nini. Taasisi iko kaskazini, sisi tuko kusini. Tangu nikiwa mdogo nasikia wazee wakisema, "Hawa watu wanasogea." Kila mwaka wanasogea. Bibi ana migomba yake karibu kabisa na mpaka, na kila nikienda ananionyesha kwa kidole: zamani mpaka ulikuwa kule juu.

Sasa mimi si msomi? Nikachukua simu yangu yenye GPS, nikatembea mpaka mzima, bikoni hadi bikoni, siku mbili nzima, viatu vimejaa tope. Nikarudi nikafungua kompyuta. Nilikuwa na ramani ya zamani ya serikali, zile za kipimo cha moja kwa elfu hamsini, imeskaniwa. Nikaweka nukta zangu juu yake.

Makamanda, moyo ulinienda mbio. Kila nukta ilikuwa imeshuka kusini kama mita 300. Mita mia tatu! Kwa macho yangu taasisi ilikuwa imemeza kijiji. Nikasema bibi alikuwa sahihi, wazee walikuwa sahihi, na leo kuna ushahidi.

Sikumuuliza mtu. Nilikwenda mkutano wa kijiji nikaomba nafasi, nikaonyesha ramani kwenye kompyuta. Nilipigiwa makofi ambayo sijawahi kupigiwa maishani. Kesho yake asubuhi vijana walikusanyika na mapanga kwenda kung'oa bikoni. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye si wa chama chetu, alisimama njiani akawaomba wasubiri siku tatu, tuandike barua kwanza. Wakamsikiliza. Mpaka leo nikikutana naye namwamkia kwa heshima zote.

Usiku ule nikampigia mwalimu wangu Dar es Salaam, najivuna. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Ramani yako ni datamu gani?"

Nikanyamaza.

Niwaeleze, maana hapa ndipo somo lilipo. Dunia si mpira mviringo kamili, kwa hiyo wapimaji hukubaliana kwanza umbo lake na mahali pa kuanzia kuhesabu. Makubaliano hayo ndiyo datamu. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa makubaliano yanayoitwa Arc 1960. Simu yako ya GPS inatumia mengine, WGS 84. Namba za mahali palepale, jiwe lilelile, zinatofautiana. Na ukichukua namba za simu ukazibandika kwenye ramani ya zamani bila kubadilisha, kwa huku kwetu kila kitu kinashuka kusini kama mita 300.

Hakuna aliyesogea. Niliyesogeza mpaka ni mimi.

Na ningeweza kukosea zaidi. Dar es Salaam iko ukanda wa 37 wa gridi, Rungwe iko ukanda wa 36. Ningechanganya na hilo, taasisi ingejikuta imehamia wilaya nyingine.

Nilirudi kwenye mkutano. Nawaambia ukweli, kutoka nyumbani kwa bibi hadi ofisi ya kijiji ni mwendo wa dakika kumi na tano, siku ile nilitembea saa nzima. Nikasimama nikasema: nilikosea, hesabu yangu haikuwa sawa, taasisi haijachukua mita 300. Hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja akauliza nimehongwa shilingi ngapi. Mzee mmoja ndiye aliyeniokoa, akasema, "Aliyerudi kusema nilikosea, huyo kesho akisema nimeona nitamwamini."

Tukarudia kazi. Pande tatu za mpaka zilikubaliana na ramani ndani ya mita chache, na mita chache ndiyo kosa la kawaida la simu. Upande wa nne, kule mtoni, palikuwa na tofauti ndogo ambayo simu haiwezi kuithibitisha wala kuikanusha. Pale panahitaji mpimaji mwenye leseni na kifaa chake. Nikawaambia hivyo hivyo: hapa sijui, na simu yangu haijui. Lakini tuligundua jambo lingine ambalo lilikuwa zito kuliko lile la mwanzo. Kijiji chenyewe hakikuwa na nakala ya ramani yake ofisini. Miaka yote tunagombana kuhusu mpaka, na hati ya mpaka hatujawahi kuiona! Tukaandika barua, tukafuatilia, ikachukua miezi, tukapata nakala. Leo imo kwenye kabati la ofisi ya kijiji, na mwananchi yeyote akitaka anaonyeshwa.

Kwa nini nawasimulia haya kwenye kikao cha chama? Kwa sababu sisi ni wapinzani. Mtu wa chama tawala akikosea takwimu, kesho anarekebisha na maisha yanaendelea. Sisi tukikosea, siku hiyo hiyo tunaitwa wachochezi. Mnakumbuka mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilivyorekebishwa ikawa kosa la jinai kutoa takwimu zinazopingana na za serikali, mpaka mwaka 2019 kipengele kile kikaondolewa baada ya kelele nyingi. Tulipiga kelele, tulikuwa sahihi kupiga kelele. Lakini haki ya kutoa takwimu inakuja na kazi ya kuzihakiki. Sikutaka vijana wa kijiji changu wakamatwe na mapanga kwa sababu ya datamu yangu.

Na msidhani ramani ni karatasi tu. Mji huu tulioketi, Wajerumani waliuandika kwenye ramani zao Neu-Langenburg. Tukuyu ipo, watu wapo, jina limebadilishwa Berlin. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana nchi ambazo si zao, wakaandika mstari upite kando ya Ziwa Nyasa. Shukeni Kyela leo mkawaulize wavuvi: miaka zaidi ya 130 baadaye, sisi tunasema mpaka uko katikati ya ziwa, Malawi wanasema uko ufukweni kwetu, na kinachobishaniwa ni wino wa ule mkataba. Hakuna Mnyakyusa aliyeulizwa. Anayechora ramani bila wewe, anakuamulia bila wewe.

Wenzetu wameshaanza kujichorea. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015, wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia mitaani pamoja na wakazi, wakachora mifereji, vichochoro na nyumba kwenye kata zinazofurika. Ramani zile ziko wazi kwa kila mtu kwenye OpenStreetMap. Mtaa ambao jana haukuonekana, leo mtu hawezi kusema haujui.

Sasa sisi vijana wa Rungwe na Busokelo tufanye nini? Nina mambo manne.

La kwanza, sheria iko upande wetu, tuisome. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua cheti cha ardhi ya kijiji, hati ya hakimiliki ya kimila na masjala ya ardhi ya kijiji. Kila mmoja hapa akirudi kwake aulize kwa adabu: cheti chetu kiko wapi? Ramani iko wapi? Usiulize kama kamanda, uliza kama mwanakijiji. Mpaka wa kijiji ni wa wote, wa kijani na wasio wa kijani.

La pili, zana ni za bure. Programu ya QGIS hulipii hata senti, inafanya kazi kwenye kompyuta iliyotumika. Picha za satelaiti za Sentinel-2 ni za bure, kila baada ya siku tano kunapita picha mpya, kila nukta yake ni mita kumi kwa kumi. Najua mtasema huku kwetu mawingu kila siku. Kweli, ndiyo maana kuna Sentinel-1 inayotumia rada, inaona hata chini ya mawingu. Tukitaka kujua msitu wa Mlima Rungwe unapungua wapi, hatuhitaji kusubiri kauli ya mtu.

La tatu, tuchore huduma. Visima vinavyotoa maji na visivyotoa. Zahanati zenye mganga. Madaraja yanayokatika masika, wakulima wa chai wakabaki na majani yao yanaharibika barabarani. Vituo vya kupigia kura, ili wakala wetu ajue anafikaje na fomu ya matokeo inarudije. Diwani akisimama jukwaani na ramani ya namna hiyo, hajibiwi kwa matusi.

La nne nalisisitiza: kamwe msichore watu. Msiweke kwenye ramani nyumba ya mwanachama, wala ya wakala, wala namba yake ya simu. Ramani ikitoka mkononi mwako hujui itaishia mkononi mwa nani. Tunachora kisima, hatuchori anayechota.

Makamanda, bibi bado ananiuliza kama mpaka ulisogea. Namwambia, bibi, ule wa juu haukusogea, wa mtoni bado sijui. Anatikisa kichwa, anasema basi kasome mpaka ujue. Ndiyo nimerudi darasani. Nafasi zipo, na darasani kwetu tunaotoka huku bado tunahesabika kwa vidole. Njooni tuongezeke.

Mapambano yanaendelea.