Maziwa, supu ya mifupa na wagonjwa wetu wa figo

Mazungumzo na wanavikundi, Tulia

Leo hatukuja kwa habari ya mbuzi wala ya bwawa la mchanga. Tumekuja kwanza kukiri kosa letu.

Mnamkumbuka susu wetu aliyekuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Miguu ilimuuma, nasi tukasema mifupa huponywa kwa mifupa. Kila Jumamosi tukampelekea supu ya mifupa, na kila mwenye ng'ombe akatoa kikombe cha maziwa. Baadaye vipimo vikaonyesha fosforasi imepanda sana, na ngozi ikawa inamwasha usiku kucha. Halafu akaanguka jikoni akavunjika nyonga. Hatusemi maziwa ndiyo yaliyomvunja. Tunasema tulimpelekea bila kuuliza mtu yeyote.

Sasa tuelewe. Figo zinafanya kazi mbili ambazo mifupa inazitegemea. Zinatoa fosforasi iliyozidi kwa njia ya mkojo. Tena zinaikamilisha vitamini D tunayoipata kwa jua, ili mwili uweze kuchukua kalsiamu kutoka kwa chakula. Ndiyo maana hata mtu wa Ukambani, aliyechomwa na jua maisha yake yote, figo zikifa anakosa vitamini hiyo katika hali ya kufanya kazi. Fosforasi inajaa kwenye damu, kalsiamu inapungua, na tezi nne ndogo za shingoni zinatoa homoni ya kwenda kuchota kalsiamu kwenye mifupa. Ni kama mwanachama anayekopa kila wiki na harudishi. Sanduku bado lina kufuli, lakini ndani ni tupu. Na kalsiamu iliyochotwa hairudi mahali pake. Nyingine inaganda kwenye mishipa ya damu na kwenye moyo.

Mtu atauliza, si mashine inasafisha? Inasafisha, lakini hesabu haikubali. Mtu mzima anakula karibu miligramu 1000 za fosforasi kwa siku, na zaidi ya nusu inaweza kuingia mwilini. Mashine kwa saa nne inatoa karibu miligramu 800 hadi 1000. Ukienda mara mbili kwa wiki, deni linabaki. Ukikosa siku moja kwa sababu ya nauli, mnaona wenyewe.

Kwa hiyo mgonjwa anapewa tembe za kalsiamu, zile nyeupe kama chaki. Hapa tunaomba msikilize sana. Zikiandikwa kwa ajili ya fosforasi, tembe hizi zinamezwa pamoja na chakula, katikati ya kula, kwa sababu kazi yake ni kuikamata fosforasi tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Tumekuta wengi wanazimeza asubuhi na mapema kwa maji matupu, halafu wanakula saa nne. Hapo dawa imepotea. Tembe za damu, yaani za ayani, zimezwe saa nyingine. Na ile dawa ya kiungulia ya dukani, mgonjwa asiinunue bila kuuliza, maana nyingine zina alumini, nayo hukaa kwenye mifupa na kuiharibu.

Chakula je? Isyo na ndengu tusizikataze kabisa. Fosforasi ya nafaka na kunde huingia mwilini kwa kiasi kidogo kuliko ile ya nyama na maziwa. Muthokoi ni afadhali, kwa kuwa maganda yametolewa. Loweka, chemsha kwa maji mengi, yamwage, uweke mengine, na usitie magadi. Kinachoingia karibu chote ni fosforasi inayotiwa viwandani, kama kwenye soda nyeusi ya kola na soseji nyingi. Kijana wa miaka 30 anayengoja gari stendi ya Kitui na chupa ya kola mkononi anajiumiza kuliko mama anayekula ndengu nyumbani. Kijana huyo ana miaka mingi mbele, na hofu yetu kubwa kwake ni mishipa ya moyo.

Mtoto ni habari nyingine. Mifupa yake bado inajengwa, inahitaji kalsiamu. Ikikosa, anabaki mfupi, au miguu inapinda. Mtoto asinyimwe maziwa kiholela. Mtaalamu wa lishe aseme ni kiasi gani. Wala tusilinganishe karatasi yake ya vipimo na ya susu, kwa sababu fosforasi ya mtoto kwa kawaida iko juu kuliko ya mtu mzima.

Na wazee, kwao hatari ni kuwakataza kila kitu mpaka wakonde. Mzee asiye na nyama mwilini huanguka. Ondoeni vigoda njiani, wekeni taa ya kwenda chooni.

Maji pia. Baadhi ya visima virefu vya huku kwetu vina floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Figo zilizokufa haziwezi kuitoa, nayo hudhuru mifupa. Mwenye tangi la maji ya paa amgawie jirani mgonjwa dumu moja ya kunywa. Hiyo ni mwethya pia.

Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2017 inasema anayesafishwa damu apimwe kalsiamu na fosforasi kila mwezi mmoja hadi mitatu, na ile homoni ya tezi kila miezi mitatu hadi sita. Mgonjwa asione haya kumwuliza muuguzi, "Fosforasi yangu ni ngapi?" Andikeni jibu kwenye daftari.

Pendekezo letu ni hili. Zile fedha za supu tuzigeuze nauli ya kwenda kwa mashine, na tuhakikishe michango ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haikatiki. Mweka hazina ana majina ya nyumba nne. Kabla hatujatawanyika tuchague atakayemsindikiza mtoto Jumanne, kwa sababu mama yake amejifungua juzi.