Gololi za Gurudumu na Mzigo wa Njiani



Hapo zamani wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda kwa miguu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, na wengine wakashika njia ya Ujiji, kila mtu na mzigo wake begani, kadiri ya kilo 30 au zaidi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ya mbali ilipanda gari moshi. Lakini ya vijijini haikuwa na reli. Hiyo ilipata baisikeli: gunia la karanga, asali, hata mgonjwa.

Je, mmepata kufikiri uzito huo hukaa juu ya nini? Katika kitovu cha gurudumu la nyuma la baisikeli ya kawaida mna gololi 18 tu, 9 kila upande. Hizo ndizo wapagazi wetu. Huzunguka kati ya kikombe cha kitovu na koni iliyo katika ekseli. Koni ikikazwa mno, gololi huchimba chuma. Ikilegea, gurudumu huyumba, na gololi chache hubeba mzigo wa zote.

Katika ujana wangu, kwa kukosa spana, nalikaza koni kwa patasi na nyundo. Nikapakia gunia la karanga nikaenda zangu. Katikati ya pori gurudumu likakwama, nami nikajitwika gunia kichwani kama babu yangu. Nalipofungua kitovu nikakuta gololi zimevunjika na koni imechimbika.

Basi fanyeni hivi. Toeni gurudumu, mtandike kitambaa chini. Fungueni nati na koni ya kushoto, upande usio na mnyororo. Osheni kila kitu kwa mafuta ya taa. Gololi moja ikiwa na kovu, badilini zote. Tieni grisi mpya, mrudishe gololi kwa hesabu. Kazeni koni kwa vidole hata iguse, kisha ilegezeni kidogo. Sasa ishikeni kwa spana nyembamba isizunguke, na kwa spana ya pili kazeni nati. Mkiwa na spana moja tu, koni itafuatana na nati, na kazi yote itapotea.

Mwisho, zungusheni ekseli kwa vidole: iende laini, wala isichezecheze. Ikikwaruza au ikicheza, rudieni. Robo saa nyumbani ni nafuu kuliko gunia kichwani porini.