Kompyuta Nzima, Eti Imezeeka!

Nimeshahamia Windows 11, kwa shingo upande. Kitufe cha kuanzia kimesogezwa katikati. Mkono wangu bado unakitafuta kushoto. Hilo nitalizoea.

Ninalolipinga ni jingine. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Anayetaka toleo jipya sharti kompyuta yake iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine nyingi za mitumba katika steshenari zetu za mtaani hazina. Zinawaka, zinachapa barua za waomba kazi, lakini eti zimezeeka! Mwenye steshenari achague: anunue nyingine, au abaki bila marekebisho ya kawaida ya usalama huku wateja wakimletea virusi ndani ya flashi zao. Yeye nani alimuuliza?