Bakteria Wazalishao Umeme na Majitaka ya Kariakoo: Tuanzie Chooni, Tusianzie Mita ya LUKU



1. Utangulizi

Masika yakishika, chemba za Kariakoo, Dar es Salaam, hufurika. Wapita njia huruka juu ya matofali, mama lishe husogeza jiko, biashara inaendelea. Mabondeni, wapo wanaongoja mvua hiyo hiyo ili watapishe vyoo. Kwa miongo mingi mabomba ya katikati ya jiji yamekuwa yakimwaga majitaka Bahari ya Hindi bila kusafishwa. Kwingineko, kama Vingunguti, yako mabwawa ambamo jua, mwani na bakteria husafisha bila kutumia umeme. Lakini mabwawa yanataka ardhi kubwa, na Kariakoo ardhi hiyo haipo.

Hoja yangu ni kwamba bakteria wazalishao umeme wanatufaa kwa kusafisha majitaka penye nafasi finyu. Umeme wao tuuhesabu kama chenji.

2. Namna wanavyofanya kazi

Mwaka 1911 M. C. Potter wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alionyesha kuwa vijidudu wanaoozesha vitu wanaweza kutoa umeme. Mwaka 1987 Derek Lovley alipata bakteria wa jamii ya Geobacter kwenye mashapo ya mto Potomac, Marekani. Hawa, wakila uchafu mahali pasipo na oksijeni, hupeleka elektroni nje ya mwili wao. Wakiwekewa elektrodi ya kaboni hutanda juu yake na kuikabidhi elektroni hizo. Nazo hupita kwenye waya hadi elektrodi ya pili iliyo hewani, zikakutana na oksijeni na kuzaa maji. Mtambo hauhitaji mashine ya kupuliza hewa, na tope linalobaki ni kidogo. Joto letu la nyuzi 25 hadi 30 linawafaa vizuri.

3. Mfano wa Kisoro

Jirani zetu Uganda wamejaribu. Mwaka 2017 watafiti kutoka Bristol, Uingereza, wakiongozwa na Ioannis Ieropoulos, walifunga mtambo wa aina hii kwenye vyoo vya shule ya wasichana ya Seseme, Kisoro. Mkojo wa wanafunzi uliwasha taa za vyoo hivyo usiku. Tuzingatie ukubwa wa kazi yenyewe: ni taa za choo, siyo umeme wa kuendesha shule.

4. Hesabu

Tuchukue uchafu unaohitaji kilo 1 ya oksijeni ili uvunjwe wote. Kama kila elektroni ingefika kwenye waya kwa volti 0.4, tungepata takriban yuniti (kWh) 1.3 za umeme. Elektroni nyingi hupotea kwa vijidudu wengine, wakiwemo watengenezaji wa methani. Ikifika robo tu, tunabaki na yuniti 0.3. Uchafu huo huo ukizalisha baiogesi, jenereta inaweza kutoa karibu yuniti 1. Anayetafuta umeme, basi, ajenge mtambo wa baiogesi.

Ulaya wanavutiwa pia na kuokoa umeme wa kupuliza hewa kwenye mitambo yao ya kusafisha majitaka. Mabwawa yetu hayapulizwi hewa, kwa hiyo faida hiyo tusiinakili kwenye maandiko yetu ya miradi.

5. Mapendekezo

(a) Tuanze na mkojo wa choo kimoja cha kulipia sokoni, kabla haujachanganyika na mafuta ya chipsi, mchanga na sabuni ndani ya chemba.

(b) Mafanikio yapimwe kwa maji yanayotoka. Kiwango chetu cha kitaifa ni BOD (oksijeni ambayo vijidudu huhitaji ili kuvunja uchafu uliomo) isiyozidi miligramu 30 kwa lita. Taa ikiwaka na maji yakabaki machafu, mradi umeshindwa. Mamlaka ya maji, DAWASA, na Chuo Kikuu Ardhi washirikiane kupima sampuli.

(c) Jiji lililoonja kipindupindu cha mwaka 2015 lisiutegemee mtambo huu kuua vimelea. Hatua ya mwisho ya kuua vimelea ni lazima.

(d) Damu na samadi za machinjio ya Vingunguti ziachiwe baiogesi.

(e) Fundi na vipuri viwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, maana elektrodi huziba na ile ya hewani hushika chumvi. Msimamizi wa choo afundishwe kusoma volti. Zikishuka ghafla, ajue bakteria wamepata shida kabla harufu haijamwambia.