Beseni la Sikukuu

Ndugu msikilizaji, sikukuu inapokaribia kila mtu mjini huwa na shughuli yake. Baba yuko Kariakoo anagombania bei ya viatu, mama ana orodha ya viungo vya pilau mkononi, mafundi cherehani hawapokei simu, na sisi wa redio ndiyo kabisa, maana siku wenzetu wanapopumzika ndiyo siku wanayotaka kutusikiliza. Katika pilikapilika zote hizo yuko mtu mmoja tu ambaye hakupewa kazi. Huyo ni mtoto wa miaka mitatu. Akisogea jikoni anafukuzwa, akikaa sebuleni atachafua vitambaa vya makochi, na mwishowe anakabidhiwa simu ya mkononi ili anyamaze.

Nasema hayo nikiwa miongoni mwa washtakiwa. Krismasi ya mwaka 2022 nilisoma habari za asubuhi, nikarudi nyumbani saa nane mchana na mfuko wa pipi. Kitinda mimba wangu hakuinua hata macho. Alikuwa ameinamia simu ya dada anayetusaidia kazi, anatazama katuni za watoto wanaocheza kwenye theluji, naye anatokwa jasho. Nilimwita mara tatu.

Basi mwaka uliofuata, nilipomwona mwalimu mmoja wa shule ya awali akiwawekea watoto beseni la kuchezea, nikaona dawa nimeipata. Jambo lenyewe ni rahisi. Unachukua beseni pana la kufulia, unalijaza kitu cha kuchota na kumimina, kisha unafukia ndani yake vitu vinavyohusu sikukuu. Mtoto anapekua, ananusa, anatikisa, anahamisha kutoka chombo hiki kwenda kile. Mikono inapata kazi, na kichwa nacho kinafuata mikono.

Wazo la kumfundisha mtoto kwa kugusa si la jana wala juzi. Daktari Maria Montessori wa Italia, ambaye jina lake limeandikwa kwenye mabango ya shule nyingi za awali hapa nchini, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari, 1907, katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Rome. Ulikuwa mtaa wa watu wa kipato cha chini, wazazi wanashinda kazini na watoto wanashinda kwenye ngazi. Aliwapa vitu vya kugusa, kupanga na kumimina, wakatulia. Ila tusimsingizie mama wa watu: vifaa vyake vilikuwa na utaratibu mkali, kila kimoja na kazi yake na mahali pake rafuni. Sijui angesema nini angeliona beseni langu la kwanza.

Maana beseni langu la kwanza, msikilizaji, lilikuwa la mchele. Ndivyo wanavyofanya wenzetu wa nje. Kila kikombe cha mchele unatia kijiko cha chai cha siki na matone ya rangi ya chakula, unatikisa ndani ya mfuko mpaka rangi ishike, unaanika. Nikatia rangi kilo mbili, moja nyekundu na moja kijani, nikachanganya na maharage makavu ili mtoto ayatafute. Likapendeza kweli.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kula sikukuu nasi kutoka Kyela. Huyu ni mtu aliyelima mpunga tangu ubinti wake. Aliliinamia lile beseni kwa muda mrefu, akachota mchele mwekundu kiganjani, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, mchele huu umekukosea nini?”

Nilianza kumweleza habari za makuzi ya mtoto. Hakubishana nami. Alikwenda kukaa barazani, na siku ile hakula wali.

Siku mbili baadaye tukaanza kusikia harufu mbaya kwa mtoto. Tulimwogesha, tukabadili nguo, harufu ipo palepale. Ni yule bibi aliyegundua kwamba inatoka kwenye tundu moja la pua. Hospitali daktari aliingiza kidude chembamba chenye ndoano, akatoa harage limevimba kwa majimaji ya pua. Alinionyesha bila kusema neno. Mimi niliyesoma stashahada, na ambaye kila juma natoa nasaha hewani, nilikuwa nimempa mwanangu maharage ya kuchezea na kuondoka kwenda kazini.

Kwa hiyo beseni ninalokueleza leo ni la pili, nalo ni la mchanga. Mchanga wa ufukweni au wa mtoni unauweka kwenye ndoo, unamwaga maji, unakoroga na kumwaga yale machafu, mara nyingi kadiri inavyohitajika mpaka maji yatoke meupe. Kisha unaukaanga kwenye sufuria kuukuu kama wakaanga karanga wanavyofanya, unauacha upoe kabisa. Vyombo vya kuchotea usinunue. Vifuu vya nazi vipo, upawa upo, na kifuu kilichotobolewa tundu chini ni starehe ya saa nzima.

Halafu fukia sikukuu yetu wenyewe. Theluji ya pamba ya nini katika joto la Desemba? Krismasi ya Dar es Salaam ina mti wake, ule mkrismasi unaowaka maua mekundu kando ya barabara zetu. Asili yake ni Madagaska, lakini kwa jinsi ulivyotuzoea hakuna anayeuliza. Okota maganda yake marefu yaliyokauka na kufunga barabara, mtoto ayatikise kama kayamba. Tia vijiti vya mdalasini, tia karafuu zilizofungwa fundo imara ndani ya kitambaa, anuse pilau kabla haijapikwa. Na mabasi, msikilizaji! Nusu ya mji huu mwezi Desemba huwa inatafuta tiketi ya kwenda Moshi. Boksi la maziwa ni basi tayari. Mwanangu alichora barabara kwa kidole kutoka stendi ya Mbezi, nikamtajia Chalinze, Segera, Korogwe, Same, naye akaweka kilima kila mahali, hata Chalinze. Abiria wake wote walikuwa magunzi ya mahindi.

Idd ilipofika watoto wa jirani walilichukua beseni hilohilo. Wao walifukia miezi iliyokatwa kwenye maboksi na kufunikwa karatasi za kung’aa, na kitambaa kilichofukizwa udi. Walitaka kufukia na sarafu, kwa kuwa mtoto wa Idd hupewa pesa ya sikukuu, lakini sarafu tulizikataa.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu usimpe kitu chochote kinachoweza kupita ndani ya kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni inapokwisha. Kikipita humo, kinaweza kumkaba. Maharage, shanga, vizibo, kokwa za tende, vyote nje. Zile mbegu nyekundu za kuvutia zenye jicho jeusi, tipitipi, ambazo watu hutunga shanga, zina sumu kali zikitafunwa. Mbegu za mbarika vilevile. Na siku hizi kuna midoli na kadi za sikukuu zinazoimba au kumetameta. Ndani yake mna betri ndogo ya duara kama kitufe. Mtoto akiimeza na ikakwama, inaweza kuunguza umio wake vibaya katika muda wa saa 2 tu. Usingoje kuona kama atapata choo, wala usimtapishe. Kimbilia hospitali.

Kitu kikimkaba mtoto, akiweza kukohoa mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kupumua wala kulia, mwinamishe kichwa kiwe chini, umpige kwa kiganja mara 5 kati ya mabega, huku mwenzako anatafuta usafiri. Usichokoe kooni kwa kidole kitu usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi. Na kilichoingia puani usikichokonoe.

Tena beseni halichukui nafasi ya mtu. Mtoto akiwa mle, mkubwa akae pale. Nyumbani kwetu kazi hiyo ameichukua bibi mwenyewe. Krismasi iliyopita alikuja tena, akakagua mchanga, akauliza kama kuna chakula ndani. Nikamwambia hakuna, mama. Akavua kandambili, akaketi kwenye mkeka, akaomba kifuu.

Jioni mchanga uchekechwe na ufunikwe kwa ubao mzito. Paka wa mtaani kwetu wameshalijua beseni hilo, nao wana matumizi yao.