Kuitaja Dhambi kwa Jina Lake

Februari 1818, padri mwenye umri wa miaka 31 aliingia Ars, kijiji cha Ufaransa kilichokuwa na watu wapatao 230. Jean-Marie Vianney hakuwa msomi. Kilatini kilimtoa jasho seminarini, nusura kimkoseshe upadri. Lakini kufikia miaka ya 1830, njia ya kwenda Ars ilikuwa haikauki wageni. Walifika kwa maelfu kila mwaka, wengine wakingoja zamu kwa siku kadhaa ili waungame kwake. Majira ya joto alikaa kwenye kiti cha kitubio hadi saa 16 kwa siku, na kazi hiyo aliifanya mpaka mwisho wa maisha yake, mwaka 1859.

Wageni hao walikuwa na mapadri wao huko walikotoka. Walichokifuata Ars ni mtu aliyesikiliza dhambi kana kwamba aliyezitenda bado ana thamani.

Mhadhara huu unaanzia hapo kwa sababu Wakatoliki wengi, wakiwemo wanaokomunika kila Jumapili, huuliza kwa nini wamwendee padri ilhali Mungu anawasikia chumbani. Swali ni la haki. Mungu husikia kokote. Shida iko kwa anayesema: moyo ni wakili hodari wa mwenye moyo. Anayesali kimoyomoyo asamehewe “makosa yake” ameshayafunika yote kwa neno moja. Kanuni ya 988 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 haimpi maficho hayo. Inamtaka ataje dhambi za mauti kwa aina na idadi. “Nilichukua fedha za kikundi, mara tatu.” Sentensi hiyo ikishatoka mdomoni na kusikiwa na sikio la mtu mwingine, hairudi tena kuwa ukungu.

Njia hii haikuanza hivi ilivyo. Katika karne za mwanzo, toba ya dhambi nzito ilikuwa ya hadharani, ndefu, tena ya mara moja tu maishani. Matokeo yake waumini wengi waliiahirisha mpaka kitanda cha mauti. Ni watawa wa Ireland, kuanzia karne ya 6, walioeneza maungamo ya faragha yanayorudiwa kila mtu anapoanguka. Mwaka 589 maaskofu waliokutana Toledo, Hispania, waliilaani desturi ya kurudia toba, wakihofia kwamba msamaha ungekuwa rahisi mno. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Lakini watawa waliwajua binadamu vizuri zaidi, na mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ukaamuru kila mwamini aungame walau mara moja kwa mwaka.

Mtaguso huohuo ulimfunga padri asitoe siri ya maungamo. Gharama ya kifungo hicho ilionekana Mexico mwaka 1927, serikali ilipokuwa ikipambana na Kanisa. Padri Mateo Correa Magallanes aliletewa wafungwa awaungamishe, kisha jenerali akamtaka amwambie walichosema. Alikataa. Akapigwa risasi huko Durango. Mwaka 2000 Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu.

Hata hivyo, siri isigeuzwe kichaka. Aliyeiba akiondoka na Salamu Maria tatu huku fedha za watu zikibaki mfukoni, kitubio kimekatwa katikati. Mafundisho ya Kanisa yako wazi: kilichoibwa kirudishwe, jina lililochafuliwa lisafishwe kadiri inavyowezekana. Waungamishi wanapaswa kuuliza juu ya hilo kwa upole, bila kuona haya.

Rwanda inafundisha jambo hili kuliko kitabu chochote. Padri Ubald Rugirangoga alipoteza mama yake na ndugu wengi katika mauaji ya kimbari ya 1994. Baadaye, katika parokia ya Mushaka, kusini-magharibi mwa nchi, alikutana na watu waliotoka gerezani wakitaka kurudi kwenye sakramenti. Hakuwafungia mlango, wala hakuwapitisha haraka. Walifundishwa kwa miezi, wakaenda kuwaomba msamaha waliofiwa, kisha wakapokelewa tena mbele ya parokia nzima. Toba ya hadharani ya karne za mwanzo na faragha ya watawa wa Ireland zilikutana katika kanisa moja la mashambani, na waliofiwa hawakuachwa nje ya mlango wakati wauaji wakipatanishwa na Mungu.

Padri Ubald mwenyewe alikuwa ametangulia kupita njia hiyo. Alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake, na watoto wa mtu huyo akawalipia ada ya shule.